Mtu wa Kueleweka

Daftari langu lina jalada la bluu
lililolowa jasho la kwapa.
Vyumba vya Mtanda, vya Rahaleo, vya Mitwero,
na mbele ya kila chumba, sharti la mwenyewe.
Huyu hataki watoto. Yule hataki mkaa.
Mzee Nampota wa kule bondeni: asiwe Msukuma.
Nyumba ya bati jekundu: asiwe wa ng'ambo ya Ruvuma.
Bi Somoe, chumba na sebule, vigae, luku ya peke yake:
awe mtu wa kueleweka.

Sijawahi kuuliza kueleweka ni nini.
Dalali haulizi. Dalali anakula kodi ya mwezi mmoja
na hela ya miguu, jua au mvua.

Akaja binti wa maabara, hospitali ya mkoa,
barua ya ajira imekunjwa mara nne,
kodi ya miezi sita taslimu,
noti zimepangwa vichwa upande mmoja.
Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu.
Jina? nikauliza, kalamu juu ya karatasi.
Udagwenga Gidamisi.
Kalamu ikabaki juu.

Hapa tunawaita Wamang'ati,
jina ambalo hawakujipa.
Walikuja na ng'ombe wao, wakiswagwa pamoja nao,
na tangu hapo kila shamba la ufuta lililoliwa
limeliwa na wao,
hata lile la nguruwe.

Nyumba ya kwanza: kimechukuliwa asubuhi hii hii.
Ya pili: mwanangu anarudi kutoka Dar.
Ya tatu mlango haukufunguka,
pazia lilisogea, likarudi.
Ya nne, mwenyewe alinivuta nyuma ya tangi la maji:
"Mimi sina neno, dalali. Ni majirani."
Majirani nawajua.
Nao hawana neno. Ni majirani.

Tukipanda Mtanda, jua la saa nane, nikamfundisha:
Sema Uda, basi. Sema unatoka Singida.
Singida kuna watu wengi.
Akanitazama kama anayechungulia darubini
na bado hajamwambia mgonjwa.
Akasema, Sawa.
Sawa ile niliisikia mpaka usiku.

Bi Somoe akampenda. Uda hivi, Uda vile.
Akamtengea kiti barazani,
akambandikia ming'oko siku za zamu ya usiku.
Miezi minne.

Mwezi wa tano mama yake akashuka kwenye basi,
bangili za shaba mpaka karibu na kiwiko
na duara zilizochanjwa kuzunguka macho.

Nilikuwepo, nimefuata chenji yangu.
Bi Somoe alisimama na sahani mkononi.
Nyuma yake, ukutani, picha ya bibi yake wa Newala:
nembo uso mzima, mstari juu ya mstari,
na ndonya mdomoni.
Nyuso mbili zenye chale zikatazamana
juu ya bega la mwenye nyumba,
na mwenye nyumba akatazama vigae vyake.

Hakuna aliyegomba. Ming'oko ililiwa.
Usiku simu ikaita:
"Mwambie mwanangu anarudi kutoka Dar."
Bi Somoe hana mwana Dar.
Ana mabinti wawili, wote wako Nachingwea.

Binti alihama kwa bodaboda, safari tatu,
ya mwisho godoro na ndoo.
Kukabidhi ufunguo ni lazima usaini.
Aliandika jina lake lote, herufi kubwa,
likavuka mstari, likaingia ukurasa wa pili.

Sasa ni mwezi wa tatu. Korosho zimeuzwa,
watu wana hela, wanauliza vyumba.
Nafungua daftari, nafika pale:
sharti la Bi Somoe limefutika kwa jasho,
au nililifuta mimi, sikumbuki.
Chumba hakina mtu. Mwana hajarudi.
Ufunguo ninao, uko kwenye msumari juu ya kitanda changu,
na upepo ukiingia unagonga ukuta,
unagonga,
kama mtu anayebisha hodi
na hataki kuulizwa ni nani.